Kichwa Kimoja, Nadhiri Mbili

Zilikuwa zimebaki siku tatu Lallan anyolewe, na mama yake alikuwa bado hajasema. Bibha alikuwa uani, amembana mtoto kati ya magoti anamchana, na mtoto anapiga mayowe kama anayechinjwa. Nywele za miaka mitatu, hazijaguswa na mkasi hata siku moja, zimepita mabega, zimejaa mafundo na chawa, na jua la Mei linazipika kichwani. Wapita njia walikuwa wakimwita binti. Mwenyewe alishazoea, akiitwa binti anaitika.

"Baba Lallan," Bibha alisema bila kuinua uso, "leo utamwambia mama, au nimwambie mimi?"

Umakant alikuwa ametoka kuegesha bajaji yake, ananawa bombani. "Kumwambia nini?"

"Unajua nini."

Akanawa uso mara ya pili ingawa ulikuwa umetakata. "Si umngoje pandit aje? Yeye ni kuhani, ana lugha ya kusema mambo kama haya."

"Pandit ndiye aliyemzaa Lallan?"

"Bibha, mama unamjua."

"Namjua. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Umakant akachukua taulo, akaingia ndani. Mwanamume huyu angeweza kugombana na polisi wa stesheni ya Barauni kutwa nzima, lakini mbele ya mama yake alikuwa na umri wa Lallan.

Mambo yenyewe ni haya, wala hayana haja ya kuzungushwa. Lallan alizaliwa kabla ya siku zake, akageuka manjano tangu macho mpaka nyayo, akalazwa hospitalini siku kumi na moja. Katika siku hizo Jaimala, mama yake Umakant, aliweka nadhiri: mtoto akipona, nywele zake za kwanza zitanyolewa kwenye gati la Simaria na kupewa Mama Ganga, ule mto mkuu. Na katika siku hizohizo Tetri, mama yake Bibha, naye aliweka nadhiri: mtoto akipona, nywele zake za kwanza atapewa Mama Kamla, mto unaopita kijijini kwao. Mabibi wawili, kila mmoja kivyake, na mtoto ana kichwa kimoja. Bibha aliyajua yote mawili, na miaka mitatu alikuwa akijiambia kesho nitasema.

Sasa kesho zimekwisha. Mwaka wa tatu ukipita, mtu hanyoi mpaka wa tano. Na Tetri hakuwa na uhakika wa kufika huko. Alikuwa na kifua, na jambo lililomnyima usingizi si kifua, ni kufa akiwa na deni kwa mto.

"Usimwambie mkweo," alimwambia binti yake kwenye simu jioni ile. "Mimi nitakuja na nguo za mtoto kama desturi. Tutaona hukohuko."

"Tutaona nini, mama?"

"Sijui. Lakini nikiwa hapo ni afadhali."

*

Tetri alifika siku moja kabla, ametoka na basi la alfajiri, amebeba kifurushi na chupa ya maji yake mwenyewe. Mama mwenye kumwoza binti hanywi maji nyumbani kwa wakwe wa binti yake, na Tetri alikuwa mtu wa kushika desturi. Kijana wake yuko Ludhiana kwenye kiwanda cha soksi. Yeye ndiye aliyetuma pesa za nguo, maana nguo za kunyolewa mtoto huletwa na upande wa mjomba.

Jaimala alizifungua nguo mbele ya ndugu wote waliokuwa wamekaa sebuleni. Shati la njano na suruali ndogo. Akalipekecha lile shati kwa vidole viwili.

"Hili, mkwe mwenzangu, litafuliwa mara ngapi? Au ni la kuvaa mara moja na kwaheri?"

Wanawake wakacheka chini chini. Bibha, aliyekuwa akigawa chai, alihisi masikio yanawaka moto.

"Mtoto anakua upesi, mkwe," Tetri alijibu. "Atalikimbia kabla halijachakaa."

Wakacheka tena, mara hii kwa sauti, na Jaimala mwenyewe akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya huyu mama. Alikuwa mtu aliyezoea kushinda. Alifiwa na mume akiwa na watoto wawili wadogo, Umakant na dada yake Nutan, akawalea kwa kufuga nyati na kugombana na kila jirani aliyegusa mpaka wa shamba lake. Funguo za nyumba zilikuwa kiunoni mwake na zingekaa hapo mpaka siku ya kufa.

Pandit alipofika alikunja miguu, akafungua kalenda yake ya nyota, akatangaza saa ya kunyoa: kesho, jua likishachomoza. Halafu akachukua maji kwenye kiganja, akauliza swali ambalo pandit lazima aulize:

"Nywele hizi zinatolewa kwa nani, na kwa nadhiri ya nani?"

"Kwa Mama Ganga," Jaimala akajibu upesi. "Nadhiri yangu mimi, bibi yake."

"Si kwa Ganga peke yake."

Watu wakageuka. Bibha alikuwa amesimama na sinia la vikombe.

"Umesema?" Jaimala akauliza.

"Mama, nisamehe. Hata mama yangu aliahidi. Kwa Kamla. Nywele hizihizi."

Umakant akaangalia feni kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Nani alimpa ruhusa?" Jaimala hakupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mtoto wa ukoo huu, nywele za ukoo huu, mtu atoke huko aende kuziahidi kwenye kijito cha kwao! Ganga aachwe, tukimbilie mfereji!"

"Kamla si mfereji, mkwe," Tetri alisema taratibu. "Masika yakija hutuhamisha nyumba."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Tulieni," pandit akasema. "Kichwa kimoja hakiwi na wenyewe wawili. Jambo hili ni rahisi. Aliyeahidi kwanza ndiye anayelipa kwanza. Mama Jaimala, uliahidi lini?"

"Siku ya nane."

Neno lilikuwa limeshamtoka. Kila mtu aliyekuwa pale alijua siku ya nane ni siku gani, maana hadithi ya Lallan ilikuwa imesimuliwa sebuleni humo mara mia: siku ya nane ndiyo siku mtoto aliponyonya, na daktari akasema sasa ameokoka.

"Na wewe, mama?"

Bibha alijua jibu. Ilikuwa siku ya pili. Alikuwa amelala kitandani hawezi hata kuinuka, akamsikia mama yake kwenye kona ya wodi akizungumza na Kamla kama mtu anayezungumza na shemeji yake. Sasa akamtazama mama yake kwa macho ya kumwambia, sema, mama, haki yako hii.

Tetri akatazama ndugu waliojaa sebuleni. Akamtazama Jaimala, aliyekuwa ameshika funguo zake kwa nguvu zisilie. Akisema siku ya pili, swali litakalofuata analijua. Na huyu bibi mzaa baba, siku ya pili, ya tatu, ya nne, alikuwa wapi? Alikuwa anafanya nini mpaka siku ya nane?

"Siku ya tisa," Tetri akasema. "Nilisikia mkwe ameahidi, nami nikaiga. Ujinga wa uzee tu. Nywele ni za Ganga."

"Mama!" Bibha akafungua kinywa.

"Chai inapoa, mwanangu. Wape watu chai."

Pandit akamwaga maji ya kiganjani, shauri likaisha. Shangazi mmoja wa mbali akasema kwa sauti ya kusikika, "Watu wa kijijini bwana, hata nadhiri wanaiga!" Tetri akainamisha kichwa kana kwamba kweli ni mkosaji.

Bibha alimfuata nyuma ya zizi la nyati. Alikuwa analia kwa hasira. "Umesema uongo mbele ya pandit! Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtu aliyelipekecha shati lako kama tambara?"

"Mimi naondoka keshokutwa," Tetri alisema. "Wewe utaishi na yule mama miaka thelathini, Mungu akipenda. Sikuja hapa kumvua nguo mbele ya watu wake halafu nikuachie wewe hasira zake."

"Na nadhiri je?"

"Nitamwomba Kamla anivumilie."

"Asipovumilia?"

Tetri aliogopa, tena aliogopa sana, na binti yake aliiona ile hofu ikipita usoni. "Basi atanidai mimi," akasema. "Mtoto hayumo."

*

Asubuhi gati la Simaria lilikuwa limejaa. Ilikuwa siku njema, na kila familia yenye mtoto ilikuwa imekuja na ngoma yake, kinyozi wake na kelele zake. Jogeshwar, kinyozi wa familia, ambaye baba yake alimnyoa Umakant na babu yake akamnyoa baba yake Umakant, alinoa wembe akiwa amechuchumaa mchangani.

Nutan, shangazi wa mtoto, alikaa chini, akakunja miguu, lakini upindo wa sari yake akaushikilia kifuani. Nywele za kwanza haziruhusiwi kugusa ardhi. Hupokelewa na shangazi katika upindo wake, na shangazi mwenye akili hautandazi upindo bure.

"Mkono wangu nimeukaza hapa," alitangaza. "Nataka bangili za fedha. Kaka, sikusikii!"

"Wifi, mwaka jana umepata sari," Bibha akasema, kwa kuwa ilimpasa aseme kitu.

"Sari ya mwaka jana ilikuwa ya kunisahaulisha mwaka juzi!"

Wanawake wakaangua kicheko, ngoma ikadunda, Umakant akatoa kijisanduku cha bangili alichokwisha kukinunua tangu wiki iliyopita, na upindo ukatandazwa. Mizaha hiyo kwa kawaida Jaimala ndiye aliyeiongoza. Leo alikuwa amesimama tu. Nutan alimtazama mara mbili, akamwuliza kama kichwa kinamuuma.

Kichwa hakikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba alijua. Siku ya tatu ya Lallan hospitalini ndiyo siku alipokwenda kwa mara ya kwanza, akasimama mlangoni pa wodi, akakiona kile kitoto cha manjano kilicholingana na njiwa, na moyo ukamkatika. Tetri alimjia mbio na kumshika mikono: "Usiogope, mkwe, jana nimeshamwahidi Kamla nywele zake, atapona huyu." Na yeye Jaimala akamjibu nini? Alimgeukia Umakant akasema: mchukue mkeo twende nyumbani, huyu si wa kukaa, mtapata mwingine. Kisha akaondoka, hakurudi mpaka siku ya nane. Tetri alibaki. Kwa hiyo jana, yule mwanamke aliposema siku ya tisa, watu wawili sebuleni, yeye na Umakant, walijua kwa masikio yao wenyewe kwamba ni uongo, mbali na Bibha aliyekuwa kitandani. Na yeye Jaimala alinyamaza, akala wali wa maziwa, akalala.

Jogeshwar akazilowesha nywele, akaanza upande wa kulia. Lallan akalia mpaka akakwama pumzi. Fungu la kwanza likaangukia kwenye upindo wa Nutan, la pili, la tatu. Wanawake waliimba. Nyuma yao Tetri alikuwa amesimama peke yake, viganja amevifumba, midomo inacheza. Haimbi. Jaimala akasogea karibu naye, na akasikia.

"Nidai mimi, mama. Si yeye. Nidai mimi."

"Jogeshwar!" Jaimala akaita. "Simama!"

Kinyozi akashtuka, akainua wembe juu. "Umeona damu?"

"Sijaona damu. Umefika wapi?"

"Upande wa kulia umeisha. Naingia wa kushoto."

"Usiingie. Funga wembe."

Ngoma ikanyamaza. Jogeshwar alimtazama mtoto, upande mmoja unang'aa, upande mwingine msitu, kisha akamtazama Jaimala. "Mama, nimenyoa hapa miaka ishirini na sita. Sijawahi kumwacha mtu nusu. Watu watasema Jogeshwar amelewa."

"Waseme. Nusu hii ya Ganga tumemaliza. Ile nyingine ni ya Kamla."

Pandit alikuja mbio ameshika vazi lake lisimkwaze. "Mama Jaimala, jana tulishakata shauri! Na kama unataka kumfurahisha mkweo, basi mwachie mtoto kishungi kidogo kisogoni, akakinyoe huko, inatosha."

"Kishungi!" Jaimala akamgeukia, na sasa ile sauti yake iliyojulikana mtaa mzima ikarudi. "Mkwe wangu amelala siku kumi na moja kwenye sakafu ya hospitali, mimi nimpe kishungi? Sikilizeni nyote, maana jana nilikuwa bubu. Siku ya tatu nilifika mlangoni nikasema mtoto huyu si wa kukaa. Mimi! Bibi yake! Nilimkatia tamaa nikaenda zangu kukamua nyati. Huyu mama alikuwa ameshaahidi tangu siku ya pili, aliniambia mwenyewe. Jana amejipaka matope ili mimi nisichafuke, nanyi mkamcheka, nami nikawaacha mcheke."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Yule shangazi wa mbali alianza kutafuta viatu vyake. Umakant alimkaribia mama yake, akataka kumshika bega, akaogopa, halafu akalishika.

"Mkwe," Tetri alisema, "hukuwa na haja ya kusema hayo yote."

"Nilikuwa nayo," Jaimala akajibu. "Basi la Jhanjharpur, la kwenda kwenu, linaondoka saa ngapi?"

*

Basi lilikuwa na joto la tanuri. Nutan alirudi kwa mumewe na bangili zake. Waliopanda walikuwa watano tu, Tetri, Jaimala, Bibha, Umakant, na Lallan mwenye vichwa viwili. Mwenyewe alifurahi kupita kiasi. Alikuwa anashika kulia, anacheka, anashika kushoto, anacheka, kisha anawaalika abiria nao washike.

Kijana mmoja mwenye miwani ya jua aliuliza kutoka kiti cha nyuma, "Bibi, kinyozi alikamatwa na polisi katikati ya kazi?"

Jaimala, aliyekuwa amempakata mtoto, aligeuka akamkagua yule kijana, aliyenyoa masikioni na kuacha kichuguu juu. "Wako je? Naye alikamatwa?"

Basi zima likalipuka. Hata Tetri alicheka mpaka akakohoa, na Jaimala akampiga piga mgongoni, akimwambia apumue, apumue taratibu.

Walifika jua limelegea. Kamla wa mwezi wa Mei alikuwa utepe wa maji katikati ya uwanja mpana wa matope. Jaimala aliutazama mto, akafungua kinywa, Bibha akafumba macho akingoja. Lakini mama mkwe alifunga kinywa chake, akavua viatu.

Majirani wa Tetri walikuwa wamekusanyika, wanawake saba au wanane, na kinyozi wa kijiji, mzee asiye na meno. Habari ilikuwa imewafikia kwa simu kabla ya basi. Walimzunguka Tetri kwa furaha, lakini mkwe wa mjini walimwangalia kwa pembeni, na hakuna aliyemletea hata kigoda.

Mzee alimkalisha Lallan kwenye jiwe, akazilowesha nywele zilizobaki. Kisha akatazama huku na huku. "Shangazi yuko wapi? Nani anapokea?"

Wakatazamana. Hakuna aliyelifikiria. Nutan alikuwa keshafika kwake, na huku kwa akina mama hakuna shangazi wa upande wa baba.

"Zikianguka chini haifai," mzee akasema. "Nadhiri itakuwa ya bure."

Tetri aligeuka rangi. Bibha akamwangalia mumewe, mumewe akaangalia simu yake kana kwamba angeweza kumwita dada yake atokee humo. Ndipo Jaimala alipopita katikati yao. Alikuwa amevaa sari ya hariri aliyoitunza kwa siku ile, ya rangi ya komamanga, nayo ilikuwa safi bado licha ya basi. Akakaa chini matopeni, miguu ameikunja, akautandaza upindo wake mbele ya mtoto.

"Mkwe, matope!" Tetri akapiga kelele. "Hariri hiyo!"

"Nimeyaona. Macho ninayo."

Mzee alisita na wembe wake. Hakuwa amewahi kuona bibi mzaa baba akikaa pale. "Samahani, mama. Mwenye nadhiri ni wewe?"

"Mwenye nadhiri ni huyu hapa," Jaimala alisema, akamwonyesha Tetri kwa kidevu. "Mimi nimekuja kupokea nywele. Nyoa, baba, mtoto ana njaa."

Mzee akanyoa. Safari hii Lallan hakulia. Alikuwa anashughulika kuhesabu ng'ombe ng'ambo ya mto, moja, mbili, tano. Wale wanawake saba au wanane walianza wimbo wao, na mmoja wao, bila kuambiwa, alichuchumaa kando ya Jaimala akamshikia ncha ya upindo upepo usiipeperushe.

Zilipokwisha, Tetri alizikusanya zote mikononi, hata unywele mmoja mmoja uliokwama kwenye hariri, akaingia nazo mtoni. Maji yalimfika vifundoni. Alikuwa analia waziwazi kama mtoto, bila kujifuta, na miguu imekataa kwenda.

"Sogea mbele, mkwe!" Jaimala alimpigia kelele kutoka kwenye matope, shingo ameinyoosha. "Hapo maji hayavuti! Mbele kidogo! Bibha, kamshike mama yako, utamwacha peke yake mpaka lini?"

Bibha akakunja sari yake magotini, akaingia, akamshika mama yake mkono. Wakasogea mbele kidogo, mpaka maji yalipovuta.